Jinsi mpigo wa leza unavyopimwa kwa mpigo wenyewe

WASWAHILI husema "kufumba na kufumbua" wanapotaja jambo lililotukia kwa kasi mno. Kwa mafundi wa leza, hata hivyo, muda huo ni mrefu kupindukia.

Zipo leza zinazotoa nuru kwa mipigo inayodumu femtosekunde chache tu. Femtosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa mara milioni bilioni. Nuru, ambayo huenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, haifiki hata nusu ya sehemu ya elfu ya milimita katika muda huo.

Mwaka wa 1999, Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kutumia mipigo hiyo kuchunguza mwendo wa atomi kemikali zinapobadilika. Madaktari nao huitumia kukata konea, utando angavu ulio mbele ya jicho.

Mpigo ukirefuka bila mtumiaji kujua, ukali wake hupungua na kazi huenda mrama. Ndiposa ni lazima upimwe.

Tatizo ni kwamba vifaa vya kawaida vya elektroniki haviwezi kwenda na kasi hiyo. Suluhisho limekuwa kuupima mpigo kwa mpigo wenyewe.

Mpigo hugawanywa sehemu mbili, na sehemu moja hurefushiwa njia. Kioo kinachoirudisha nuru kikisogezwa nyuma mikromita 15, nuru huchelewa femtosekunde 100.

Kisha sehemu hizo hukutanishwa ndani ya fuwele ambayo nuru kali ikiipenya, huzaa nuru ya rangi nyingine. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka wa 1961 na Peter Franken na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani.

Sehemu hizo zikikutana, nuru mpya hutokea kati yake, zikipishana, haitokei. Kioo kinaposogezwa hatua kwa hatua, muda wa mpigo hukadiriwa.

Kasoro ni kwamba mipigo ya maumbo tofauti yaweza kutoa jibu moja. Mapema miaka ya 1990, Rick Trebino na Daniel Kane walibuni mbinu ya kuchanganua pia rangi za nuru hiyo mpya katika kila hatua, kisha tarakilishi ikakokotoa umbo la mpigo na mpangilio wa rangi zake.

Kikwazo kilichosalia ni mipigo hafifu. Lenzi hukusanya nuru mahali padogo, lakini ikishapita hapo hutawanyika tena.

Hapa ndipo mfereji wa nuru unapofaa. Huu ni ujia mwembamba uliotengenezwa ndani ya fuwele, kama vile ya lithiamu niobeti, unaoibana nuru tangu mwanzo hadi mwisho.

Hata hivyo, fuwele ndefu hubagua rangi, ilhali mpigo mfupi una rangi nyingi. Mwaka wa 2005, watafiti wa vyuo vikuu vya Purdue na Stanford walitumia mifereji ambayo mpangilio wake wa ndani hubadilika kidogo kidogo, kila sehemu ikishughulikia rangi yake. Kwa njia hiyo walipima mipigo dhaifu mno.

Kufikia mwaka wa 2011, watafiti wengine walikuwa wamepima mipigo kwa mfereji uliozungushwa juu ya kibamba kidogo. Kazi iliyohitaji meza nzima ya vioo na lenzi imeanza kuingia kiganjani.