Sonata ya Fidla Mbili ya Mwaka 1932

Sonata ya Fidla Mbili, Opus 56, ilitungwa mwaka 1932 na Sergei Prokofiev, Mrusi aliyekuwa akiishi Ufaransa. Alikuwa amesikia utunzi wa mtu mwingine wa fidla mbili, haukumridhisha, akaona kwamba vyombo hivyo, pamoja na ufinyu wake, vingeweza kuwashika wasikilizaji kwa dakika 10 hadi 15. Muziki mbaya nao una faida zake.

Ufinyu wenyewe ni wa kweli. Fidla ina nyuzi nne, na hata ule wa chini kabisa haufiki kwenye besi. Prokofiev aliwafanya wapigaji wawili wapokezane: mmoja akishika wimbo, mwenzake humtandikia mapigo, kisha wanabadilishana. Mara kwa mara upinde hupita juu ya nyuzi mbili kwa pamoja, hata sikio likadhani wapigaji ni wanne.

Sehemu ni nne. Ya kwanza huanza na fidla moja peke yake, taratibu, ndipo fidla ya pili inapoingia. Sehemu ya pili ni kali, yenye mikwaruzo ya makusudi. Ya tatu, iliyo tamu kuliko zote, hupigwa kwa sauti iliyofifishwa kama bembelezi ya mtoto. Ya nne huenda mbio.

Moscow ilitangulia kuisikia, Novemba 1932. Paris iliisikia Desemba 16, katika onyesho la kwanza la chama cha muziki cha Triton, kwa mikono ya Robert Soetens na Samuel Dushkin. Usiku huohuo baleti mpya ya Prokofiev ilikuwa ikifunguliwa Opera ya Paris. Sonata ilipokwisha, mtunzi, wanamuziki na wahakiki walitoka mbio kwenda kuiwahi.

Katika kupiga fidla, Afrika Mashariki ilikwenda njia nyingine. Katika taarabu ya Unguja, kwa vikundi kama Ikhwani Safaa cha mwaka 1905, fidla nyingi hupiga wimbo mmoja kwa pamoja na kumjibu mwimbaji. Ndingidi, fidla ya Kagera na Uganda, ina uzi mmoja tu, na mpigaji huimba mwenyewe. Mwenzi wa uzi ni koo lake. Kwa mzoefu wa ndingidi kule Karagwe au Kyerwa, sehemu ya tatu ya sonata, ile iliyo kama bembelezi, ndiyo ya kuanza nayo kuisikiliza.

Fidla yenyewe hufundishwa Zanzibar, katika chuo cha muziki cha DCMA kilichoanzishwa mwaka 2002.