Garissa ama Wajir? Mimi nasema Wajir

Swali ambalo wasee wa Nairobi na Mombasa huniuliza sana ni hili: "Nikitaka kuja huko kwenu mara moja tu, niende Garissa ama Wajir?" Mandera yenyewe hawaitaji kabisa, na sikasiriki. Kutoka Nairobi mpaka kwetu ni kama kilomita elfu moja, na si kila mtu ana mgongo wa kuvumilia hiyo safari. Kwa hivyo watu wanachagua kati ya hii miji miwili iliyo njiani. Jibu langu ni Wajir. Najua watu wa Garissa watanishukia, lakini wanipe nafasi kwanza.

Na nianze na Garissa, maana iko na mengi na singependa kuwa mchoyo.

Garissa ni rahisi kufika. Unapanda basi Eastleigh asubuhi, Thika, Mwingi, lami mpaka daraja la Tana, karibu kilomita 370, na hiyo hiyo siku unakula chakula cha jioni huko. Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Kwa mtu aliyetoka kiangazi cha Mandera, kuona yale maji ya rangi ya chai ya maziwa na mashamba ya ndizi na maembe kando yake ni kitu ya kukufanya usimame tu uangalie. Kilomita chache nje ya mji kuna hifadhi ya twiga ya Bour-Algi, inayoendeshwa na jamii yenyewe, ambapo twiga wanatembea karibu na nyumba za watu bila wasiwasi. Ukisonga kusini kabisa, upande wa Ijara, kuna hirola, swala ambaye wamebaki chini ya 500 porini dunia nzima, na karibu wote wako huku kwetu. Kuna soko la mifugo ambalo ni kati ya makubwa Afrika Mashariki. Kuna mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50 uliozinduliwa Desemba 2019. Joto nalo, walahi, hilo halihitaji kutangazwa.

Sasa mbona nisiseme Garissa?

Kwa sababu Garissa, ukiangalia historia yake, ni mlango. Utawala wa kikoloni uliutumia Mto Tana kama mstari: Wasomali na mifugo yao wabaki upande wa mashariki, wasivuke kwenda magharibi. Mji ukakua pale ambapo mstari unavukwa. Mpaka leo safari ikifika daraja, abiria anajua mkono uingie mfukoni kutafuta kitambulisho. Mlango ni muhimu, hakuna anayekataa, lakini hatusafiri kuenda kuona mlango. Tunaenda kuona kile kilichokuwa ndani.

Kuhusu huo mlango kuna kitu ambacho shuleni tulipitia haraka sana. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ilitangaza Northern Frontier District, ile NFD ambayo wazee bado wanaitaja, kuwa wilaya iliyofungwa. Iliyofungwa kweli, si maneno. Mtu wa nje hangeingia bila kibali, na mtu wa ndani hangetoka bila kibali. Mwaka 1934 sheria nyingine ikaongezwa, ikawapa maafisa wa wilaya nguvu ya kuamua kabila gani likae wapi na ng'ombe wa nani wanywe wapi. Yaani wakati Mombasa na Nairobi zinawekewa hoteli za wageni, sisi kumtembelea shangazi yako wilaya jirani ilikuwa jambo la karatasi.

Halafu uhuru ukaja. Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilipita ikiuliza watu wa NFD wanataka kukaa Kenya ama kujiunga na Somalia, na ikaripoti kwamba Wasomali karibu wote walitaka kwenda. London ikaamua tofauti. Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya bendera kupandishwa, serikali mpya ikatangaza hali ya hatari katika mkoa wetu, na sheria zilizotokana nayo hazikuondolewa mpaka 1991. Piga hesabu hiyo. Kuna wazazi wetu waliozaliwa, wakasoma, wakaoa na kupata watoto, yote chini ya hali ya hatari. Ndio maana mzee wa huku akipanda basi la Nairobi husema "naenda Kenya". Wageni hucheka wakisikia. Mimi naona ni maelezo sahihi tu ya jinsi alivyotendewa.

Kwa hivyo mtu akiniuliza ni mji upi kati ya hii ni mzuri wa kutembelea, nakumbuka kwamba kwa miaka mingi kutembelea wowote kati yake bila kibali kulikuwa kosa. Hilo ndilo linanifanya nilichukue hili swali kwa uzito kuliko aliyeliuliza.

Sasa Wajir. Wajir haikuanzishwa na mzungu, hata kama kituo cha serikali kiliwekwa 1912. Ule mzungu alifuata kile ambacho ngamia walikuwa wamekifuata kabla yake: visima. Mji umekaa juu ya mwamba wa chokaa na maji yako karibu sana na uso wa ardhi, si kama kwingine ambapo unachimba mpaka unakata tamaa. Visima viko kila mahali, vingi mno, na vingine ni vya zamani hivi kwamba hakuna ukoo unaodai kuvichimba. Ukiuliza wazee watakuambia vilichimbwa na Madanle, watu wakubwa wa miili walioishi hapa kabla ya wote, wakaondoka. Si lazima uamini habari ya majitu. Lakini ukisimama kwenye mdomo wa kisima na kuona jinsi jiwe lilivyokatwa na kulainishwa na kamba za vizazi, unaelewa kwa nini mtu aliamua kwamba binadamu wa kawaida hangeweza.

Lugha yenyewe inashuhudia. Jina la mji wa El Wak, ulio kati ya Wajir na Mandera, maana yake ni kisima cha Waaq, na Waaq ndiye Mungu kwa jina ambalo watu wa Pembe ya Afrika walikuwa wakilitumia kabla ya Uislamu kufika, na Waborana bado wanalo. Tumekuwa Waislamu karne na karne, lakini jina la kisima halikubadilishwa. Mimi kila nikipita El Wak nafikiria hilo, na dereva anafikiria tairi.

Kwa hiyo karne nyingi kabla ya neno utalii, Wajir ilikuwa mahali watu wanakuja. Wakati wa kiangazi koo tofauti zilikutana hapo, Waajuran, Wadegodia, Waogaden na wengine, na kukutana huko kulileta ndoa, biashara na pia vita, maana kisima ni mali. Wakoloni waliona vita tu. Wakachora mistari ya malisho, huyu hapa yule pale, na mingine ya hiyo mistari bado tunagombana juu yake kila uchaguzi.

Wakati huo huo wenyewe walikuwa wanajiburudisha. Maafisa wa Kiingereza waliopangiwa Wajir walianzisha klabu na kuiita Royal Wajir Yacht Club. Klabu ya mashua, bana. Jangwani, mamia ya kilomita kutoka baharini. Ulikuwa mzaha wa watu waliochoshwa na upweke, na nakubali ni mzaha mzuri. Lakini angalia tofauti: yeye anatania kuhusu maji ambayo hayapo, na nje ya ukuta wake kuna mtu anavuta ndoo ya maji yaliyopo tangu zamani. Juni 1940 ndege za Waitaliano zilipiga bomu Wajir, maana Italia ilikuwa imeshika Somalia na Ethiopia na huu ulikuwa mstari wa mbele. Vita Vikuu vya Pili havikupigwa El Alamein peke yake.

Hapa lazima niende polepole. Kilomita kama kumi na tano hivi kutoka mjini kuna kiwanja cha ndege cha Wagalla. Tarehe 10 Februari 1984 wanajeshi walikusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kwa kisingizio cha kutafuta silaha, wakawapeleka kwenye kile kiwanja, wakawavua nguo na kuwaacha juani siku kadhaa bila chakula wala maji. Wengi walikufa kwa risasi, wengine kwa kiu. Kiu, katika mji wa visima. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Manusura wanataja maelfu. Mwitaliano mmoja, Annalena Tonelli, aliyekuwa akitibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, alienda kuokota walio hai na kuhesabu waliokufa, na mwaka uliofuata akafukuzwa nchini. Tume ya ukweli, haki na maridhiano iliandika habari hiyo kwenye ripoti yake ya 2013.

Garissa nayo ina makaburi yake, na sitaki mtu aseme nimeyaruka. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi uliteketezwa na vyombo vya usalama vikilipiza mauaji ya maafisa wa serikali. Watu wa huko wanaita Garissa Gubai, yaani moto. Na tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi wa rika letu, waliuawa na al-Shabaab chuoni. Hivyo vyumba vya mabweni si mahali pa kupiga selfi. Ukifika Garissa, pita hapo ukiwa umenyamaza.

Tofauti ninayoiona ni kile Wajir ilifanya baadaye. Miaka ya tisini mwanzoni koo zilikuwa zinauana vibaya, na wanawake wa sokoni ndio walianza kusuluhisha: muuza maziwa wa ukoo huu akubaliane na muuza maziwa wa ukoo ule kwamba hapa sokoni hakuna adui. Dekha Ibrahim Abdi alikuwa mmoja wao. Kutoka hapo ukatokea mwafaka wa Al-Fatah wa 1993, halafu kamati ya amani ya Wajir, na ule mfano ukachukuliwa na wilaya nyingine za Kenya. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Alifariki 2011 baada ya ajali ya barabarani. Ningependa mtoto wa Nairobi amjue kama anavyomjua Wangari Maathai.

Na ilikuwa Wajir, Februari 2025, ambapo Rais alitia sahihi tangazo la kuondoa ule msasa wa ziada ambao vijana wa kaunti za mpakani walipitia kupata kitambulisho. Nina mabeste waliokaa miaka wakisubiri kile kikadi, wakikosa kazi, wakikosa hata laini ya simu kwa jina lao. Bila kitambulisho huwezi kupita kizuizi, na bila kupita kizuizi wewe si msafiri, wewe ni mshukiwa. Karatasi imetiwa sahihi. Ofisini mambo yanaenda vipi, hilo uliza kijana yeyote wa huku atakuambia.

Mabaya ya Wajir nayo ni haya. Maji yako karibu, kwa hivyo choo cha shimo kinayachafua, na mji uliishi na vyoo vya ndoo kwa miaka mingi sana. Usinywe maji ya kisima hovyo. Nunua ya chupa. Barabara kutoka Garissa kupitia Modogashe itakutikisa. Usalama ni kitu ya kuangalia kila wiki, si mara moja kwa mwaka, na kama huna uhakika panda ndege kutoka Wilson. Uwanja wa Wajir wenyewe una kituko: kwa miaka mingi ndege ya Mogadishu kwenda Nairobi ililazimishwa kutua hapo ikaguliwe kwanza. Mlango mwingine tena.

Wanaoogopa barabara ya kuja kwetu huwa nawakumbusha basi la Desemba 2015 karibu na El Wak, abiria Waislamu walipokataa kuwatenga wenzao Wakristo mbele ya bunduki. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi hapo na akafariki mwezi uliofuata. Wanafunzi wa filamu kutoka Hamburg, Ujerumani, walitengeneza filamu fupi juu ya hilo, Watu Wote, ikafika kuteuliwa Oscar 2018. Wajerumani walikuja. Wewe wa Buruburu unangoja nini?

Basi ukiamua Wajir: fika visima vya Orahey asubuhi mapema kabla jua halijashika, wakati ngamia wanapanga foleni. Salimia kwanza, omba ruhusa kabla ya kutoa simu, na ukipewa kikombe cha maziwa ya ngamia usinuse, kunywa. Mchana tafuta nyirinyiri na wali. Wagalla nenda na mwenyeji, kamwe usiende peke yako, na yeye akiwa tayari kuongea muache aongee. Na ukibaki na siku mbili na pesa ya nauli, Mandera iko mbele tu kidogo.