Kutoka mfuko wa kangaruu mpaka kikwembe cha mama

Shemeki wangu alizaa kabla ya wakati, mtoto wa kilo 1 na gramu 400. Muganga akamwambia avue blauzi, amweke mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, amfunge na kikwembe na akae naye hivyo mchana na usiku. Mi nilikuwa pale kutafsiri, kwa sababu maneno mengine yalikuja kwa Kibemba na mengine kwa Kiingereza. Nilipofika kwenye jina la kazi yenyewe nikasema tu: "Wanaita kangaruu."

Mama yetu akakasirika. "Tumekimbia vita, tumelala porini, sasa wanatufananisha na nyama? Na kwa nini wasimweke kwenye kuvezi kama watoto wa matajiri?"

Sikuwa na jibu. Nilitafuta baadaye, na naandika hapa kile nilichokipata, maana maswali hayo mawili nimeyasikia kwa bamama wengi wa Mantapala.

Tuanze na huyo nyama. Kangaruu ni wa Australia. Huku kwetu Afrika hakuna mnyama wa porini anayelea mtoto kwenye mfuko kama yeye. Mimba ya kangaruu mwekundu ni siku 33 hivi tu. Mtoto anazaliwa hajafika hata gramu moja, mkubwa kama haragwe, haoni, hana manyoya. Lakini mikono yake ina nguvu. Anapanda mwenyewe kwenye manyoya ya mama kwa dakika chache mpaka anaingia mfukoni, anashika chuchu, na ile chuchu inavimba ndani ya kinywa chake ili asiiachie. Anaanza kutoka nje baada ya miezi sita hivi, na kwenye miezi minane anahama kabisa. Hata hapo bado anaingiza kichwa kunyonya. Mara nyingine mfukoni kuna mdogo wake tayari, kila mmoja na chuchu yake, na mama anatoa maziwa ya aina mbili: ya mkubwa na ya mdogo.

Kwa hiyo kwa kangaruu kuzaliwa mdogo sana si ugonjwa. Malezi ya tumboni yanamalizikia nje, kwa joto na maziwa.

Mwaka 1978 daktari Edgar Rey Sanabria alichukua wazo hilo huko Bogotá, Colombia, kwenye hospitali ya wazazi ya Instituto Materno Infantil. Kuvezi zilikuwa chache. Watoto walilazwa wawili au zaidi kwenye moja na kuambukizana magonjwa. Mama alitengwa na mtoto wake, na wengine walimwacha hapo hapo. Rey, na baadaye mwenzake Héctor Martínez, wakampa mama kazi ya mashine: ngozi kwa ngozi, maziwa ya mama, halafu kurudi nyumbani mapema na kuja kupimwa.

Afrika nayo ina sehemu yake kwenye historia hii. Mwaka 1988, kwenye hospitali ya misheni ya Manama, kusini mwa Zimbabwe, Nils Bergman na Agneta Jürisoo walianza njia hiyo mahali ambapo kuvezi hazikuwepo. Kabla yake, kati ya watoto 10 waliozaliwa chini ya kilo 1 na nusu, alipona 1. Baadaye walipona 5.

Bado watu walisema ni dawa ya maskini. Basi hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania zikafanya utafiti kwa watoto 3,211. Kundi moja lilianza kifuani mara tu baada ya kuzaliwa. Lingine lilisubiri mtoto atulie kwanza, kama ilivyokuwa desturi. Matokeo yalitoka mwaka 2021: kwa kila watoto 100, walikufa 12 kwenye kundi la kwanza, karibu 16 kwenye la pili. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri kuanza mapema iwezekanavyo, masaa 8 mpaka 24 kwa siku, isipokuwa kwa mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe au aliye mahututi.

Kwa hiyo mama, hawakukunyima kitu cha matajiri.

Lakini masaa 20 kifuani ni mengi kwa mama wa hapa. Nani atachota maji? Nani atatafuta kuni na kupanga foleni ya chakula? Kangaruu hana foleni. Kaka yangu kwanza alikataa kumbeba mtoto, vijana wangemcheka. Usiku wa tatu shemeki alikuwa amechoka kabisa, ndipo akavua shati. Kifua cha baba kina joto lile lile. Sisi wa kikundi cha vijana tukachukua madumu.

Ombi langu kwa wafanyakazi wa mashirika: msiseme jina tu mkaondoka. Elezeni limetoka wapi. Na kwa vijana wenzangu: mkisikia kuna mtoto wa hivyo kwa jirani, chukueni dumu.

Mtoto wetu sasa anakula ugali na chisense. Mama bado hapendi neno kangaruu. Yeye anasema "kubeba mbele", na ndiye anayewafundisha wengine.