Njia za Miguu za Dowa: Kutoka Nyayo za Kaphirintiwa hadi Lango la Dzaleka

Katika somo la historia na maenezi ya Kiswahili tumezoea kuwachorea wanafunzi ramani yenye mishale. Mshale mmoja hutoka Unguja kwenda Tabora na Ujiji, mwingine hutoka Mombasa kuelekea Buganda, na wa tatu hutoka Kilwa, hukata Ziwa Nyasa na kuishia Nkhotakota. Mwanafunzi huunakili mshale, huukariri kwa ajili ya mtihani, basi. Mshale haupandi kilima wala hauoni kiu, na haubebi mzigo kichwani. Katika makala haya tunakusudia kuushusha mshale huo wa tatu chini, tuufuate kwa miguu katika nchi iliyo kati ya ziwa na mji wa Lilongwe, yaani vilima vya Dowa na jirani zake.

Tuanze na maumbile ya nchi yenyewe. Ufuko wa ziwa uko kwenye kimo cha mita zipatazo 470 juu ya usawa wa bahari. Ukienda magharibi unakutana na ukingo mrefu wa Bonde la Ufa, na ukishaupanda unafika kwenye nyanda za juu zinazozidi mita 1,000, ambako ndiko ziliko Dowa na Lilongwe. Mito hushuka kwa njia ile ile ambayo wasafiri walipandia. Mto Lilongwe huanzia katika vilima vya Dzalanyama, hupita katikati ya mji mkuu, kisha huungana na Linthipe kuelekea ziwani. Mto Bua hutoka mbali upande wa magharibi na kupenya misitu ya Nkhotakota. Kaskazini ya Dowa upo msitu wa mlima Ntchisi, ambao ni miongoni mwa mabaki machache ya msitu wa asili wa milimani katika Malawi ya kati. Kwingineko ni miyombo na madambo, yaani mabonde mapana ya majani yanayojaa maji wakati wa masika. Siku hizi wageni hulipa fedha ili watembee humo kwa burudani, na kwa kweli panastahili.

Lakini wenyeji wa nchi hii wana habari ya njia iliyotangulia njia zote. Wachewa husimulia kwamba watu wa kwanza na wanyama walishuka pamoja na mvua juu ya Kaphirintiwa, kilima kilicho katika safu ya Dzalanyama, mpakani na Msumbiji. Wakati huo mwamba ulikuwa laini, nyayo zao zikabaki, kisha mwamba ukagumu. Baadaye binadamu aligundua moto kwa kupekecha vijiti, nyika ikaungua, wanyama wakakimbia, na Mungu akapanda juu kwa uzi wa buibui. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua hapa hekaya ya asili iliyo kamili. Sisi tunavutiwa zaidi na zile nyayo. Ni taifa linaloanza simulizi yake kwa alama za miguu njiani.

Sasa tuje kwenye karne ya 19. Salim bin Abdallah, mfanyabiashara aliyetoka pwani, alijenga makao yake Nkhotakota na kujulikana kama Jumbe, cheo ambacho warithi wake waliendelea kukishika. Majahazi yake yalivuka ziwa hadi ufuko wa mashariki, na kutoka huko misafara ilipita nchi ya Wayao hadi Kilwa. Upande wa magharibi, vijia vilipanda ukingo wa bonde kwenda kwa wakuu wa Wachewa kutafuta pembe za ndovu na watu wa kuuza. Hapa hatuna budi kusema wazi, kwa sababu vitabu vyetu vya kiada mara nyingi hupita haraka: Kiswahili kilifika katika nyanda hizi pamoja na minyororo. David Livingstone aliliona ziwa hilo mwaka 1859, akarudi mwaka 1861 na 1863, na alichokiandika kuhusu watumwa kilisomwa sana kwao Uingereza.

Misafara hiyo imetuachia msamiati ambao tunautumia kila siku bila kukumbuka vumbi lake. Kirangozi alikuwa mtu wa mbele aliyeongoza msafara. Mnyapara alikuwa msimamizi wa wapagazi, na leo tunamwona kwenye mashamba, viwanda na magereza. Posho ilikuwa chakula au kitambaa alichopewa mpagazi ili afike kituo kinachofuata. Na hongo, neno ambalo leo ni la aibu, lilikuwa ushuru halali uliotolewa kwa mkuu wa nchi ili msafara upite. Ni vizuri mwalimu wa semantiki akiwaeleza wanafunzi jinsi ada ya njia ilivyoshuka hadi kuwa rushwa, ingawa yuko atakayesema kwamba safari yenyewe haikuwa ndefu.

Njia zenyewe zilikuwa nyembamba, za mtu mmoja nyuma ya mwenzake. Henry Drummond, Mskoti aliyefika Ziwa Nyasa mwaka 1883, alishangazwa na vijia hivi katika kitabu chake cha mwaka 1888. Aliona kwamba havinyooki kamwe lakini hufika, na kwamba vimeungana kama wavu bara zima. Mti ukianguka njiani, watu huuzunguka. Mti unaoza, lakini kona yake inabaki. Kwa hiyo kona nyingi za njia za leo ni kumbukumbu ya miti ambayo haipo tena.

Kuna jambo moja la njia hizi linaloihusu taaluma yetu moja kwa moja. Mwaka 1861 wamisionari wa Universities' Mission waliingia nyanda za Shire, kusini mwa Malawi ya leo, wakaweka kituo Magomero. Vita, njaa na homa viliwashinda, askofu wao Mackenzie akafa mapema mwaka 1862, na mwaka 1864 askofu mpya, Tozer, akaihamishia misheni Unguja. Pamoja naye alikuwapo Edward Steere, ambaye huko Unguja alijifunza Kiswahili na kutoa kitabu chake cha mwongozo wa lugha hiyo mwaka 1870. Yaani mojawapo ya misingi ya sarufi tunayoifundisha iliwekwa na watu waliokuwa wamerudi nyuma kutoka Malawi. Kama Magomero isingeshindwa, huenda Steere angeandika sarufi ya Kichewa.

Safari nyingine ya kukumbukwa ni ya mwaka 1866. Livingstone alizunguka ncha ya kusini ya ziwa akiwa na watu wa Nzwani, kisiwa jirani na Ngazija, chini ya kiongozi wao Musa. Waliposikia kwamba mbele kuna Wangoni, mwezi Septemba waliweka mizigo chini na kurudi pwani. Walipofika Unguja walitangaza kwamba bwana wao ameuawa, na ikabidi E. D. Young atumwe mwaka 1867 kwenda kuthibitisha kuwa habari hiyo ni ya uongo. Livingstone mwenyewe alikwisha kupita nyanda za Wachewa kuelekea kaskazini-magharibi, pamoja na Chuma na Susi.

Wakati huo huo wengine walikuwa wakitembea ili wasionekane. Kaskazini ya nchi, karibu na Livingstonia, yapo maporomoko ya Manchewe yenye urefu wa mita zipatazo 125. Nyuma ya pazia la maji kuna pango, na wenyeji husimulia kwamba wazee wao walijificha humo kuwakwepa wakamata watumwa. Watalii leo hufuata kijia kile kile kwenda kupiga picha.

Ukoloni ulipoingia, njia zilibadilisha wenyewe. Jumbe alitia saini mkataba na Harry Johnston mwaka 1889, na kabla ya mwisho wa mwaka 1895 utawala wa Waswahili kwenye ufuko wa magharibi ulikuwa umekwisha. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia watu wa Nyasaland walibebeshwa mizigo ya jeshi kwa maelfu, wakaitwa tengatenga. Wenzao wa Kenya na Tanganyika walituachia jina Kariakoo. Mwaka 1938 eneo la Nkhotakota lilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama, na kati ya mwaka 2016 na 2017 tembo wapatao 500 walihamishiwa humo. Tembo, kwa hiyo, wamerudishwa kwenye njia ambazo wafanyabiashara wa pembe waliwamalizia.

Tumebakiza njia ya mwisho. Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, chini ya kilometa 50 kutoka Lilongwe, ilikuwa gereza wakati wa utawala wa Kamuzu Banda, na wafungwa wa kisiasa waliwekwa humo. Jina hilo wengi hulifasiri kuwa "sitarudia tena". Mzizi wake ni -leka, "acha", na Mrundi au Mnyarwanda husikia humo -reka ya kwao bila kufundishwa. Mwaka 1994 mahali hapo pakawa kambi ya wakimbizi, kwa makadirio ya watu 10,000 hadi 12,000. Kufikia mwaka 2023 walikuwa wamezidi 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, kanisani, msikitini na katika Tamasha la Tumaini, ambalo limekuwa likifanyika hapo tangu mwaka 2014. Jina la tamasha hilo halihitaji tafsiri kwa msomaji wetu.

Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, lakini ilikataa kufungwa na baadhi ya vifungu, kikiwemo cha 26 kinachohusu uhuru wa kutembea. Mwezi Machi mwaka 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na mwezi Mei polisi wakaanza kuwakusanya, wengine wakiwa na maduka na watoto shuleni. Mwezi Julai mwaka huo huo, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Lilongwe, Rais Chakwera alitangaza kwamba Kiswahili kitaingizwa katika shule za Malawi. Sisi walimu tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Hata hivyo hatukusikia mwenzetu yeyote akiuliza kama walimu watatafutwa Dzaleka, umbali wa mwendo wa siku mbili kwa miguu, au wataagizwa kwa ndege. Kwao Livingstone, Scotland, sheria ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea kwenye mashamba, misitu na kando ya maziwa mradi asiharibu. Msemaji wa Kiswahili wa Dowa huhitaji kibali ili afike Lilongwe.

Lugha hizi mbili zenyewe zina ya kusema juu ya jambo hili. Njia yetu ni njira kwa Wachewa. Mwendo kwetu ni kutembea, kwao mwendo ni mguu wenyewe. Nyanja kwao ni ziwa, na kwa Wayao ni nyasa, hivyo tunaposema Ziwa Nyasa tunasema ziwa mara mbili. Maporomoko ni mathithi. Safari ni ulendo, na kutokana na mzizi huo huo wanapata mlendo, ambaye sisi humwita mgeni. Kiswahili kimemtaja mtu huyo kwa ugeni wake. Kichewa kimemtaja kwa safari aliyotembea.

Jedwali la maneno ya njia, maji na misitu katika Kiswahili, Kichewa, Kiyao na Kirundi limeanza kutayarishwa na Idara. Wasomaji wenye lugha nyingine za eneo hili, hasa Kitumbuka, Kibembe na Kifuliiru, tunawaomba watuletee maneno ya "kijia", "mgeni" na "maporomoko", wakitaja na kijiji ambako neno limesikika, kabla ya toleo lijalo.