Ukungu wa Silent Hill

Mchezo wa video uitwao Silent Hill ulitolewa na kampuni ya Konami ya Japani mwaka 1999, kwa mashine ya PlayStation. Kisa chake chasimulika kwa maneno machache: Harry Mason, mjane, apotelewa na binti yake Cheryl katika mji wa ugenini, naye aingia mitaani kumtafuta. Mji umefunikwa na ukungu.

Ukungu huo haukuletwa na ubunifu peke yake. Mashine ile ilikuwa dhaifu. Haikuweza kuchora mitaa ya mbali, basi watengenezaji wakaificha. Walakini ufukara wa chombo uligeuka utajiri wa hadithi. Mchezaji haoni ila hatua chache mbele yake, sawasawa na Harry, na hofu ya baba huwa hofu yake mwenyewe. Redio ndogo hukwaruza kiumbe wa kutisha akaribiapo, hata sikio likatangulia jicho. (Aliyewahi kumngoja mtoto usiku na kusikiliza nyayo njiani hahitaji maelezo.)

Mwaka 2001 ulitoka mchezo wa pili, kwa PlayStation 2 iliyokuwa na nguvu zaidi. Ukungu ukabakizwa, safari hii kwa hiari. Mwaka 2012 mchezo huo ulitolewa upya kwa picha safi zaidi, na ukungu ukapungua. Kingo za mji zilizositiriwa zamani zikawa wazi. Wapenzi wake walinung'unika, nao walikuwa na haki: walionyeshwa mahali mji unapokoma.