Waya ndani ya mshipa

Jamani, leo naacha kodi za programu kidogo. Sisi wa kompyuta kabla ya kutoboa ukuta hutafuta njia iliyopo ya kupitishia waya. Madaktari nao walifika hapo, polepole.

Mwaka 1929 Werner Forssmann, Mjerumani, alijipitishia mrija kwenye vena ya mkono hadi moyoni, akapona salama. Lakini tarehe 8 Oktoba 1958 huko Sweden, Arne Larsson alipopandikizwa kifaa cha kwanza cha kuendesha mapigo, ilibidi apasuliwe kifua. Mwaka huohuo, New York, Seymour Furman alipitisha waya kwenye vena mpaka chumba cha chini cha kulia cha moyo.

Kushoto je? Vena za mwili zote huishia kulia. Njia ikapatikana kwenye vena za moyo wenyewe: waya huingia kinyume na mkondo wa damu, ukazunguka nyuma hadi upande wa kushoto.

Tatizo ni kwamba matawi hayo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Ndiyo maana daktari hupiga picha kwanza kwa dawa ya rangi. Mgonjwa asiye na tawi la kufaa huenda akarudi kwenye kisu cha 1958. Naona ramani ni nusu ya kazi.