Uma wa fedha na alama ya ukoo: Nani mwenye chombo?

Juma lililopita mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza wingi wa neno 'uma'. Nikamjibu ni 'nyuma'. Darasa zima likaangua kicheko. "Prof, kwa hivyo tuseme nyuma ziko nyuma?" Nami nikacheka, kisha nikawaambia kwamba zipo nyuma ambazo siri yake ilikuwa nyuma kweli.

Uingereza ya zamani watu walikula kwa kisu, kijiko na vidole. Mnamo 1611 msafiri Thomas Coryat alichapisha kitabu akieleza alivyowaona Waitaliano wakiishikilia nyama kwa uma huku wakiikata. Aliporejea kwao akaendelea na mtindo huo. Rafiki yake akamtania kwa neno la Kilatini 'furcifer', lenye kumaanisha mbeba uma na pia mhalifu. Kumbe waliokuja kutuonesha kwamba kula kwa mkono ni ushamba, mababu zao walimcheka mwenye uma!

Katika Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert, London, mna uma wa fedha wenye meno mawili tu. Mhuri wake ni wa mwaka wa 1632-33, na ndio uma wa mezani wa Kiingereza wa kale zaidi unaojulikana kuwa na mhuri. Umechongwa alama za koo mbili: Manners na Montagu. Mwenyewe alikuwa John Manners, aliyekuja kuwa Earl wa nane wa Rutland, pamoja na mkewe, Frances. Ukoo wa Manners hutambulika kwa tausi aliyetandaza mkia.

Alama hii si nembo kamili ya ukoo, ingawa wengi huchanganya. Ni ile sehemu ya juu tu, inayokaa kwenye kofia ya chuma ya shujaa. Mafundi waliipenda kwa sababu mpini wa uma ni mwembamba, ngao nzima haienei. Tena mwanzoni mwa karne ya 18 uma uliwekwa mezani meno yakitazama chini, ndiposa alama ikachongwa upande wa nyuma. Ukaaji wa meza ulipobadilika, alama nayo ikahamia mbele.

Mhuri hueleza mengine. Kichwa cha chui ni London, simba anayetembea, aliyeanza kutumika 1544, ni ithibati ya ubora wa fedha, na herufi hutaja mwaka. Basi mhuri hukwambia lini, alama hukwambia nani.

Je, tuiamini alama? Hapo ndipo mwanahistoria hujikuna kichwa. Chombo kilipouzwa, mnunuzi aliweza kusugua alama ya awali na kuchonga yake. Ukipapasa mpini, waweza kuhisi pale palipobonyea. Uma ukawa wa karne moja, ukoo wa karne nyingine.

Vingi havikupata hata bahati hiyo. Kiswahili kina hekima kuita madini na pesa kwa neno moja, 'fedha'. Mfalme Charles wa Kwanza alipokuwa akipigana na Bunge, mnamo Januari 1643 aliviomba vyuo vya Oxford vyombo vyao vya fedha viyeyushwe viwe sarafu. Alama za wafadhili zikaishia motoni.

Nimewaza haya kwa sababu ya sufuria. Marehemu mama alipaka herufi mbili za jina lake kwa rangi ya kucha chini ya kila sufuria na sahani, maana vyombo vyake vilizunguka kijiji kizima, leo harusini, kesho matangani. Tulipomzika, majirani walivirudisha kimoja kimoja, hata vile tulivyokuwa tumevisahau. Hakuna aliyeulizwa, herufi zilitosha.

Tulipogawana, ndugu yangu alichukua msasa ili azifute aandike zake. Kisheria ni haki yake, vyombo ni vyake sasa. Nilimwomba aandike kando, asifute. Alininunia siku mbili, kisha akaandika kando. Sasa kila sufuria ina majina mawili, la mwenye kununua na la mwenye kurithi, na atakayekuja baadaye hatalazimika kupapasa kama mimi ninavyopapasa nyuma za Waingereza.